Je, Hisabu Yaweza Kuihalalisha Bahati Nasibu?

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Tumeletewa suala katika darsa yetu ya Galu, nasi tumeona jawabu lake tuliandike hapa ili ndugu zetu wa Diani, Ukunda, Msambweni na kwengineko pwani wapate kunufaika nalo, kwani jambo lenyewe haliwahusu waulizaji peke yao. Suala ni hili:

"Sisi ni vijana 12 wa Galu na Kinondo. Tuna chama chetu, na tumeweka akiba ya shilingi 180,000 kwa nia ya kununua mashine ya dau. Mwenzetu mmoja aliyesoma hisabu atwambia kwamba ziko nchi ambazo watu wameishinda bahati nasibu ya serikali kwa hisabu tupu, pasina wizi wala uwongo, wakapata mamilioni. Ashauri tutoe nusu ya akiba, tununue tiketi nyingi kwa pamoja. Asema: kamari ni kubahatisha, na mwenye kuhisabu habahatishi, basi hii si kamari. Na tumenuia, tukipata, thuluthi tuezekee chuo cha watoto mabati mapya. Je, yajuzu?"

Jawabu. Kwanza twawashukuru vijana hawa, kwani wameuliza kabla ya kutenda, wala si baada ya kutenda. Mwenye kuuliza kabla hutafuta haki. Mwenye kuuliza baada, mara nyingi hutafuta udhuru. Na suala lao si la kipuuzi, wala halijibiwi kwa kupaza sauti na kupiga meza. Ndani yake mna mambo matatu, na kila moja latakikana litazamwe peke yake: hisabu, hukumu, na ile nia ya kheri.

JAMBO LA KWANZA: HISABU

Elimu ya kuhisabu njia za kupanga vitu si ngeni kwa Waislamu. Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mzaliwa wa Oman aliyekaa Basra katika karne ya pili ya Hijra, naye ndiye aliyeasisi elimu ya arudhi, alitaka kujua herufi 28 za Kiarabu zaweza kutoa maneno mangapi. Yanasibishwa kwake mahisabu haya: maneno ya herufi 2 zisizokariri ni 28 mara 27, yaani 756, ya herufi 3 ni 19,656, ya herufi 4 ni 491,400, na ya herufi 5 ni 11,793,600. Tazameni basi. Tumeongeza herufi 3 tu, nayo idadi ikaruka kutoka mia saba na kitu hadi zaidi ya milioni kumi na moja. Akili ya binadamu haikuumbwa kuona ukuaji wa namna hii kwa macho, yataka kalamu. Na wenye kuuza tiketi wayajua haya vyema, nao wategemea kwamba mnunuzi hatashika kalamu.

Tuchukue bahati nasibu ya kuchagua nambari 6 katika 49, kama ile iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1994. Nambari ya kwanza yaweza kuwa moja katika 49, ya pili moja katika 48, na hivyo hivyo mpaka ya sita. Ukizidisha, kisha ukagawanya kwa 720, kwa sababu nambari 6 zile zile zaweza kupangwa kwa njia 720 na mpango hauna maana hapa, wapata 13,983,816. Basi mwenye tiketi moja ana nafasi moja katika karibu milioni 14.

Sasa tuje kwetu. Kenya ilitunga sheria ya kamari na bahati nasibu mwaka 1966, ikaunda bodi ya kutoa leseni. Na watu wazima wazikumbuka tiketi za "Kenya Charity Sweepstake" zilizokuwa zikiuzwa katika vibanda vya barabarani. Mwaka 2014 ikaja SportPesa, na pamoja na simu ya mkononi kila mfuko ukawa na kibanda ndani yake. Hapakuwa na haja tena ya kwenda mjini: mtu aweza kucheza akiwa chini ya mnazi akingojea maji yatoke. Mwaka 2017 mtu mmoja alipata zawadi kuu, inayoitwa jakpoti, ya zaidi ya shilingi milioni 221, na mwaka 2018 mwengine akapata zaidi ya milioni 208. Picha zao zilienea nchi nzima. Wala hazikuenea picha za wale wengine, maana hakuna gazeti lenye kurasa za kuwatosha.

Zawadi ile ilitaka mtu apatie matokeo ya mechi 17. Kila mechi ina mlango wa tatu: ashinde mwenyeji, ashinde mgeni, au watoke sare. Zidisha 3 kwa 3 mara 17, utapata 129,140,163. Tiketi ilikuwa shilingi 100. Basi mwenye kutaka kufunga milango yote, asibakishe hata mmoja, angelipa shilingi 12,914,016,300, yaani karibu bilioni 13, ili apate milioni 221. Mjuzi wa mpira ataipunguza hisabu hii, illa hataifuta. Hata tukimkadiria kuwa apatia mechi moja katika kila mbili, kuifuatanisha bahati hiyo mara 17 mfululizo ni jambo moja katika 131,072. Akinunua tiketi moja kila juma, kwa wastani atangoja zaidi ya miaka 2,500. Na vijana wetu kwa shilingi 90,000 wangepata tiketi 900. Kwa kubahatisha tupu, nafasi yao ni moja katika 143,489.

Watasema: "Lakini tuko 12, si mmoja." Hili ni kosa ambalo watu wengi hulifanya. Kushirikiana hakubadili wastani wa kile kinachorudi. Kwabadili tu namna hasara inavyogawanywa. Ikiwa kila shilingi 100 hurudi 40 kwa wastani, basi watu 12 wakitoa 1,200 zitarudi 480. Mtungi uliotoboka hauzibiki kwa kubebwa na watu wengi.

Iko njia nyepesi ya kuipima bahati nasibu yoyote, hata kwa asiyesoma: jiulize, mtu mmoja akizinunua tiketi zote, atatoka na nini? Tuseme mahali pameuzwa tiketi 1,000 kwa shilingi 50, nazo zawadi zote pamoja ni shilingi 20,000. Mwenye kuzinunua zote amelipa 50,000 akapata 20,000. Basi kila tiketi ya shilingi 50 thamani yake ni shilingi 20, na zile 30 zimekwenda kwa mwenye mchezo. Hivyo ndivyo ilivyo karibu kila bahati nasibu duniani, ya serikali na isiyo ya serikali. Lau si hivyo isingeendeshwa.

Je, yule kijana aliyesoma hisabu amesema uwongo? La. Amesema kweli, na haki yake tumpe. Hutokea kwa nadra kwamba zawadi ya majuma yaliyopita haikupata mtu, ikarundikwa juu ya ya leo. Katika mfano wetu, tuseme zawadi imefika 70,000 na tiketi bado ni 1,000 za shilingi 50. Hapo mwenye kuzinunua zote alipa 50,000 akatoka na 70,000. Mlango umefunguka.

Mlango wa namna hii ulifunguka Marekani. Katika jimbo la Massachusetts, kutoka mwaka 2004 hadi 2012, serikali ilikuwa na mchezo ulioitwa Cash WinFall: kuchagua nambari 6 katika 46, kwa tiketi ya dola 2. Siku za kawaida, tiketi ile ya dola 2 ilikuwa na thamani ya kama senti 80 tu. Lakini mchezo ulikuwa na kanuni yake: zawadi kuu ikifika dola milioni 2 na asitokee mtu wa kupatia nambari zote 6, fedha zile humwagwa chini, wagawiwe waliopatia 5, 4 na 3. Sasa kupatia 3 ni jambo moja katika 47. Kupatia 4 ni moja katika 800. Kupatia 5 ni moja katika 39,000. Hizi si nafasi za mbali kama milioni 9. Mwezi Februari 2005, siku ya kumwagwa, waliopatia 3 walipata kama dola 60, waliopatia 4 kama dola 2,400, na waliopatia 5 kama dola 50,000. Gawanyeni kila zawadi kwa nafasi yake, kisha jumlisheni: tiketi ya dola 2 ilikuwa na thamani ya dola 5 na nusu.

Walioliona hili walikuwa makundi machache. Mmoja alikuwa mzee wa Michigan, Jerry Selbee, mwenye duka aliyestaafu, ambaye tangu mwaka 2003 alikuwa ameigundua kanuni kama hiyo katika mchezo wa jimbo lake. Mchezo ule ulipofungwa mwaka 2005, yeye na mkewe wakawa wasafiri kwenda Massachusetts. Wengine walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu cha MIT. Hawakununua tiketi 900. Walinunua laki na malaki, na kwa wingi ule bahati ikakaribia kuondoka kabisa, ukabaki wastani. Mwezi Agosti 2010 lile kundi la wanafunzi lilifanya jambo jengine: zawadi ilikuwa bado haijafika mpaka wa kumwagwa, wakanunua kama tiketi 700,000 kwa ghafula wakaisukuma wenyewe, ili siku ya kumwagwa ije watu wengine hawana khabari. Hakuna sheria waliyoivunja. Mkaguzi mkuu wa jimbo aliichunguza khabari hii, akaieleza katika ripoti yake ya mwaka 2012.

Na mwezi Aprili 2023, katika jimbo la Texas, zawadi kuu ilifika dola milioni 95, na njia zote za kuchagua nambari 6 katika 54 ni 25,827,165, kwa dola moja kila tiketi. Kundi moja lilinunua takriban njia zote, likaichukua zawadi. Watu wa Texas walipojua walikasirika sana, na mwaka 2025 tume iliyokuwa ikiendesha bahati nasibu ya jimbo hilo ikavunjwa kwa sheria.

Basi hisabu yasema mambo mawili. La kwanza: mlango huu upo, lakini hufunguka mara chache, na haupiti illa mwenye mtaji mkubwa na kanuni mahsusi mbele yake. La pili: chama chenye shilingi 90,000, katika michezo ya kwetu, hakiko mlangoni; kiko miongoni mwa wale wanaoujaza mtungi ili mwengine aje aumimine. Kwa hisabu peke yake, kabla hatujafungua kitabu cha fikihi, shauri lile halifai.

JAMBO LA PILI: HUKUMU

Lakini hatutaki kuwajibu kwa udogo wa mtaji wao. Maana tukisema "haifai kwa kuwa hamtapata", kesho atakuja mwenye mamilioni atuambie "mimi nitapata", nasi tutanyamaza. Basi na tulikadirie lile lililo gumu zaidi: mtu ana hakika ya kupata. Je, bado ni kamari?

Hoja ya kijana ni hii: kamari imeharimishwa kwa sababu ya kubahatisha, kubahatisha kukiondoka, na uharamu waondoka. Hoja hii ina sura ya kielimu, na wanavyuoni wetu hawaidharau hoja ya namna hiyo, kwani hukumu huzunguka pamoja na sababu yake. Lakini sharti uipate sababu yenyewe, usishike kivuli chake.

Mwenyezi Mungu ameitaja maysir katika Sura ya 5, aya ya 90 na 91, pamoja na ulevi, akaamrisha iepukwe, na akaeleza kwamba shetani huitumia kutia uadui na bughudha baina ya watu na kuwazuia na kumkumbuka Mungu na sala. Na katika Sura ya 4, aya ya 29, amekataza watu kula mali zao baina yao kwa batili, illa iwe biashara ya kuridhiana. Wanavyuoni wameieleza kamari kuwa ni muamala ambao kila mmoja wa walioingia yuko baina ya kupata na kupoteza, na kile anachokipata mmoja ndicho alichokipoteza mwenzake, pasina bidhaa wala kazi wala manufaa yaliyopita baina yao.

Sasa tutazame Massachusetts. Yule mwenye kuhisabu ameondoa kubahatisha, kweli. Ameondoa kwake yeye. Je, amekuondoa kwa yule mama mfagiaji aliyenunua tiketi mbili jioni akirudi kazini? La. Yeye bado yuko gizani, na giza lake ndilo mtaji wa mwenye taa. Zile dola zilizomwagwa hazikuota kutoka ardhini, wala hazikutoka katika hazina ya serikali. Katika kila tiketi ya dola 2 serikali ilikwisha kukata fungu lake, kama senti 80, haijali nani ameshinda. Fedha zilizorundikana zilikuwa ni za maelfu ya watu waliopoteza majuma yaliyotangulia. Basi wale wajanja hawakuishinda serikali, ingawa ndivyo hadithi yao inavyosimuliwa. Serikali haikupungukiwa na kitu. Waliwashinda wanunuzi wenzao. Na hakika ya mmoja kupata haikuwa ila ni hakika ya wengi kupoteza, iliyogeuzwa upande wa pili.

Kwa hivyo twasema: hisabu haikuiondoa sababu ya uharamu, bali imeikamilisha. Kamari ya kawaida ni watu wawili gizani, kila mmoja akipapasa mali ya mwenzake. Kamari ya hisabu ni mmoja mwenye taa na mmoja kipofu. Ikiwa ile ya kwanza ni batili, hii ya pili haiwi halali kwa sababu mmoja wao aona.

Hata hivyo, tufanye insafu. Mzee wa Michigan hakuiba, wala hakusema uwongo. Kanuni ilikuwa imeandikwa wazi, na kila mtu angeweza kuisoma. Haijuzu kwetu kumzulia mtu dhambi ya wizi ambayo hakuifanya. Yako mambo mawili mbalimbali: udanganyifu, na kula mali kwa batili. Aliyeepukana na la kwanza hajawa amelivuka la pili. Mla riba naye huandika sharti zake wazi wazi, na mkopaji hutia sahihi yake. Riba haikuhalalika kwa hayo.

Patatokea mwenye kusema: "Lakini walionunua tiketi wameridhia." Jawabu: ridhaa ni sharti ya biashara, si badala ya biashara. Mwenyezi Mungu hakusema kuridhiana peke yake, bali biashara yenye kuridhiana. Na ridhaa gani hiyo ya mtu aliyeonyeshwa picha ya mshindi mmoja, asionyeshwe ile nambari 129,140,163?

Mwengine atasema: "Hata mvuvi hubahatisha. Hutoka usiku, hajui kama atarudi na samaki au na nyavu tupu. Je, naye acheza kamari?" Hili ni suala zuri, na watu wa Galu ndio wanaostahili kulijibu. Mvuvi akiinua malema yake nje ya mwamba, akapata changu kumi, nani amepoteza changu kumi? Hakuna. Riziki imetoka baharini, kisha mnunuzi akatoa fedha akapata kitoweo. Na kusi ikivuma akarudi mikono mitupu, hakuna mtu Ukunda aliyetajirika kwa mikono yake mitupu. Khatari ya bahari ni khatari ya kazi. Mtu huibeba ili kilicho chema kiongezeke duniani. Khatari ya tiketi haiongezi hata samaki mmoja. Huzihamisha tu shilingi kutoka mifuko mingi midogo hadi mfuko mmoja, na njiani mwenye mchezo hukata lake.

Na mwenye elimu zaidi aweza kutuletea kisa cha Sayyidna Abubakar, ambaye alishindana na makureshi kwa kuwekeana mali kwamba Warumi watashinda baada ya kushindwa, kama ilivyotajwa mwanzo wa Sura ya 30. Atasema: "Huyu alikuwa na yakini, na akaweka dau." Jawabu ni kwamba katika mapokezi ya Tirmidhi imebainishwa kuwa jambo hilo lilikuwa kabla ya kuharimishwa kuwekeana dau, na hiyo ndiyo kauli ya wengi wa wanavyuoni. Tena yakini yake ilikuwa ya wahyi, wala si ya karatasi ya mahisabu. Ama zawadi alizoziruhusu Mtume (S.A.W.) katika kushindana, amezitaja katika mbio za ngamia na farasi na kulenga mishale, ambayo ni mazoezi ya kujikinga na adui, na hata humo mafakihi wameweka masharti ili isigeuke kamari. Tiketi haina farasi wala mshale.

JAMBO LA TATU: NIA YA KHERI

Imebaki ile thuluthi ya chuo cha watoto. Hapa pana mtego mkubwa kuliko wote, kwa kuwa huwanasa watu wema. Bahati nasibu za serikali kote duniani huvaa kanzu hii: shule, hospitali, mayatima. Ile ya kwetu ya zamani ilikuwa na neno la sadaka katika jina lake lenyewe.

Basi na wajue vijana wetu kwamba hoja hii si mpya. Ni ya zamani kuliko Kurani kuteremka. Wafasiri wameeleza namna maysir ya Waarabu wa Jahiliya ilivyokuwa. Walikuwa wakichinja ngamia, wakamgawanya mafungu, kisha hutiwa katika mfuko mishale 10. Saba ina mafungu: wa kwanza fungu 1, wa pili 2, na hivyo mpaka wa saba, aitwaye al-Mualla, mwenye mafungu 7. Na mitatu ni mitupu, haina kitu. Mtu muaminifu hutia mkono akatoa mishale mmoja mmoja kwa majina ya walioingia. Waliotokewa na mitupu ndio waliolipa thamani ya ngamia. Na waliopata nyama walifanyaje? Hawakuila. Waliwapa mafakiri, wakijifakharisha kwa ukarimu wao, na aliyekataa kuingia walimtukana kwa ubakhili.

Tazameni vyema, ndugu zangu. Hii ilikuwa bahati nasibu kamili: ina tiketi, ina zawadi kubwa na ndogo, ina tiketi tupu, ina muaminifu wa kusimamia, na nyama yote yaenda kwa maskini, si thuluthi. Hakuna bahati nasibu ya leo iliyo karimu kiasi hicho. Na juu ya hayo yote, Mwenyezi Mungu katika Sura ya 2, aya ya 219, hakuukanusha ule manufaa. Ameutaja, kisha akahukumu kwamba dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Basi anayesema leo "lakini yasaidia mayatima" ameleta hoja iliyokwisha kusikilizwa na kujibiwa.

Na hisabu nayo yashuhudia. Mtu akitaka kulisaidia jengo la chuo kwa shilingi 100, akizitoa mkononi zafika 100. Akizipitisha katika tiketi zafika chache, baada ya mwenye mchezo kukata, na mshindi kukata, na tangazo kukata. Sadaka haihitaji dalali wa namna hiyo. Na Mtume (S.A.W.), kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim, amemuelekeza hata yule aliyemwambia mwenzake tu "njoo tucheze kamari" atoe sadaka. Kule kusema tu kwataka kafara, itakuwaje kutenda?

Tumeulizwa pia na baadhi ya watu: aliyekwisha kupata afanye nini? Ghazali ameeleza, na Nawawi akainukuu, kwamba mali ya haramu, mwenyewe akijulikana arudishiwe. Asipojulikana, itolewe katika maslaha ya Waislamu au kwa mafakiri. Huitoa kwa kujivua nayo na kutubia, si kwa kutaraji thawabu ya sadaka. Tofauti ya mambo haya mawili ni kubwa: mmoja anaosha mkono uliochafuka, mwengine anauchafua ili apate kuuosha.

MUHTASARI NA NASAHA

Yamebainika basi: kwa hisabu, chama hiki kitapoteza, na lau kingekuwa na mtaji wa kupata, kingepata kwa kupoteza wanyonge wasiojua, na nia njema haigeuzi njia mbaya. Hayo ndiyo jawabu letu, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.

Lakini haimfalii mwalimu kufunga mlango akaenda zake. Enyi vijana wetu, mnazo shilingi 180,000. Hizo ni fedha nyingi, nazo zimepatikana kwa jasho. Kama hazijatosha mashine mpya, iko ya mkono wa pili. Na yuko mwenye mashine asiye na watu wa kuifanyia kazi. Fanyeni naye mudharaba, yeye atoe chombo na ninyi mtoe kazi na nyavu, mgawane kwa fungu mlilopatana, yaandikwe mbele ya mashahidi. Baadhi ya mafakihi wana maneno juu ya sura ya mkataba wa vyombo. Njooni tuwasomee masharti yake kabla ya kutia sahihi.

Na wewe kijana uliyesoma hisabu, usiiache elimu yako. Iliyo haramu ni tiketi, si kuzidisha na kugawanya. Al-Khalil hakuhisabu herufi ili ashinde mtu. Alihisabu ili lugha ya Kurani ihifadhiwe. Wafundishe wadogo zako pale Kinondo namna ya kuipata ile 129,140,163. Kijana mmoja atakayeihisabu kwa mkono wake mwenyewe, akaizima simu, umemuokolea mamaye mafuta ya taa na nduguye karo ya shule. Na hiyo ni faida ambayo hakuna aliyeipoteza ili wewe uipate.

Mwenyezi Mungu atutosheleze kwa halali yake atuepushe na haramu yake, na atupe riziki njema ya bara na bahari. Amin.